Makanisa Katika Albamu ya Kaka

Marehemu kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za mizigo tangu mwaka 1974 hadi 1990. Miaka hiyo simu haikuwa kitu cha kila nyumba, na kaka hakuwa mtu wa barua ndefu. Alichotuletea ni postikadi: upande mmoja picha ya mji, upande wa pili mistari mitatu au minne kwa wino wa buluu. Mamangu alizikusanya katika bweta lake, pamoja na hati za nyumba na tasbihi ya babu. Kaka alifariki mwaka 1991, akamwacha binti wa miaka mitatu. Mwaka jana mamangu naye alipotutoka, bweta lile lilinijia mimi. Ndani yake mna postikadi 112.

Nilianza kuzipanga katika albamu ili nimkabidhi binti wa marehemu, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wake. Hapo ndipo yalipozuka maneno. Mzee mmoja katika jamaa, tunayemheshimu sana, alizipitia moja moja akatikisa kichwa. Zaidi ya thuluthi yake ni picha za makanisa. Akasema, "Mwanangu, haya si ya kuwekwa katika nyumba ya Kiislamu. Bakisha misikiti na bandari, yaliyosalia uyachome." Siku ile sikumjibu, kwa adabu. Ila moyo haukutulia, na ndipo nikaanza kuzitazama upya.

Nilijiuliza kwanza kwa nini ziwe nyingi hivyo. Kadi ya posta ilianza Austria, tarehe 1 Oktoba 1869, ikiwa kipande cha karatasi ngumu kisicho na picha, cha kutuma neno fupi kwa ada ndogo kuliko ya barua. Picha zilifuata baadaye, na wachapishaji wakachagua kile ambacho mji unajulikana nacho. Katika miji ya kale ya Ulaya, kitu hicho mara nyingi ni kanisa. Antwerp, bandari ya Ubelgiji iliyo kando ya mto Schelde, ina kanisa kuu lenye mnara wa mita 123. Baharia anayeingia mjini kwa mto hawezi kukosa kuuona. Kaka hakununua imani ya watu. Alinunua alama ya pale alipotia nanga, ili mama ajue mwanawe yuko wapi.

Kadi aliyoipenda zaidi mamangu ilitoka Marseille, Ufaransa. Inaonyesha kanisa la Notre-Dame de la Garde, lililojengwa katika karne ya 19 juu ya kilima kinachoitazama bahari. Ndani yake mmening'inizwa vimeli vya mfano, shukrani za mabaharia na jamaa zao walioepushwa na dhoruba. Nyuma ya kadi hiyo kaka aliandika, "Hapa pia kina mama wanangoja meli." Mamangu hakusoma skuli, lakini maneno hayo aliyajua kwa moyo.

Ipo pia ya Istanbul, ya mwaka 1978. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1935, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena. Kadi ya kaka inaionyesha wakati wa makumbusho. Nyingine ni ya Córdoba, Uhispania, ambako alikwenda kwa treni meli ilipokuwa Sevilla. Picha yake ni ya matao ya rangi nyeupe na nyekundu, safu baada ya safu. Ulikuwa msikiti ulioanzwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785, ukageuzwa kanisa mwaka 1236 mji ulipotekwa. Nilimpelekea yule mzee kadi hizi mbili, nikamuuliza kwa upole, "Ami, hizi nizitie fungu gani?" Alizishika mkononi kitambo kirefu, asiseme neno.

Nilimwendea pia mwalimu wetu wa darsa. Alinieleza kwamba picha ya jengo si picha ya kiumbe chenye roho, na kuhifadhi kumbukumbu si kuitukuza ibada ya wengine. Akanikumbusha kuwa katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 40, makanisa yametajwa pamoja na misikiti miongoni mwa nyumba ambamo jina la Mwenyezi Mungu hutajwa, nazo zingebomolewa lau Yeye hakuwazuia watu kwa watu. Alinishauri tu nisizitundike ukutani, nami nikaridhika.

Lakini lililoniamulia hasa ni kadi ya Antwerp ya mwaka 1988. Mbele ni ule mnara. Nyuma, kwa mkono wa kaka: "Nimepata habari za mtoto. Mwiteni jina la mama." Huyo ndiye binti ninayempangia albamu. Hana kumbukumbu ya sauti ya babake wala ya uso wake, ila mistari hii. Postikadi ni karatasi moja; nikilichoma kanisa, jina lake litaungua pamoja nalo.

Basi zote 112 zimo. Sikuzibandika kwa gundi, kwani maneno yako nyuma. Nimezishika kwa vipembe vya karatasi, ili mtu aweze kuichomoa kadi na kuigeuza. Chini ya kila moja nimeandika kwa penseli jina la mji na mwaka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, kwa hiyo msimu wa kaskazi nitakuwa nikizitoa kabatini na kuzianika kivulini.

Dada zangu, wengi wetu tuna baba, ami au kaka waliofanya kazi melini, na mabweta yao yamo humu majumbani. Yafungueni kabla mchwa hawajayafungua, na msomeni nyuma ya picha kabla ya kuamua lolote. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awarejeshe salama walio safarini. Amin.