Namba Nilizokuwa Sizisomi

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi huku Mafubira, kaskazini mwa Jinja. Kwa miaka mingi watu waliniita mwalimu wa kompyuta, nami nikaitika. Ukweli ni kwamba mambo ya mtandao sikuyajua. Fundi alikuja, akaandika namba zake kwenye mashine, akalipwa, akaenda. Kumuuliza mbele ya wateja niliona ni kujivua nguo.

Mtandao ukikatika nilisingizia umeme, au mnara. Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi, kisingizio changu kikawa cha kweli kwa mara ya kwanza. Nilikipenda mno. Niliendelea kukitumia hata baada ya nchi kurudi hewani.

Kisha nikanunua ruta mpya ya kutia laini ya simu. Simu yangu ikashika mtandao papo hapo, kompyuta ikagoma. Waya umechomekwa, taa inawaka, ukurasa haufunguki. Waliokuja kuomba namba ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato, wakahamia kwa jirani. Msichana aliyemaliza Senior Six alipoleta fomu ya chuo, nilimfokea kwamba flashi yake ina virusi, ndiyo iliyoharibu mashine. Na pesa yake ya kuchapa sikumrudishia.

Kesho yake alirudi. "Mzee, naomba niitazame," akasema, kwa upole nisioustahili hata kidogo. Akafungua mipangilio ya mtandao, akanionyesha. Kompyuta ilikuwa imeandikiwa kwa mkono anwani 192.168.1.20, na lango la kutokea 192.168.1.1, yaani ruta ya zamani niliyokwisha kuitupa. Ruta mpya ilikuwa 192.168.8.1. Mashine yangu ilikuwa inabisha hodi kwa mtu aliyehama. Akazifuta zile namba, akachagua kompyuta ipokee anwani yenyewe kutoka kwa ruta. Ikapewa 192.168.8.100. Ukurasa ukafunguka.

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilikuwa karibu kuligundua hilo. Maneno yalishafika mdomoni. Sijui ni Mungu gani mwenye huruma aliyeyazuia. Nikasema, "Mwanangu, mimi haya siyajui. Nifundishe."

Akavuta kiti. Akanifundisha kufungua kile kidirisha cheusi cha Windows, kuandika ipconfig, na kusoma kinachotoka. Namba ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani wala haikujibiwa. Basi tazama waya na ruta kwanza, usizimezime mashine ovyo kama nilivyozoea. Nilimrudishia pesa yake. Akaihesabu, akaitia mfukoni.

Ndugu yangu, huenda nawe umekaa mbele ya mashine kama ile, na wateja wamesimama nyuma yako. Waambie hujui. Wangu nilipowaambia walikaa wakasubiri, na mmoja akanishikia tochi nikitafuta tundu la waya.

Mambo ya DNS, yaani kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, bado yananisumbua. Nikikwama nampigia simu yule binti, na kabla sijamaliza salamu ananiuliza kama namba nimezisoma.