Ushahidi wa Meno

Mtu wa Kabuku atakaye kununua mbuzi hasikilizi sana maneno ya mwuzaji. Humshika mnyama kichwa, akamfunua mdomo, akahesabu meno ya mbele ya taya la chini. Maana juu hapana meno ya mbele, ila ufizi mgumu tu. Jozi moja ya meno makubwa humwambia kuwa mbuzi amepita mwaka mmoja; jozi nne, kuwa amekwisha komaa; na meno yaliyosagika au kung'oka, kuwa uzee umewadia. Ulimi wa mwuzaji una haja yake, lakini jino la mbuzi halina haja na fedha ya mtu. Katika mji ule mdogo wa Handeni, kando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, penye mashamba ya mkonge, elimu ya meno haikungojea chuo kikuu.

Elimu hiyo ikisogezwa mbele kidogo hufika mbali sana. Kinywa ni mlango wa riziki, na mlango hujengwa kwa kadiri ya kipitacho. Simba ana chonge za kukamatia na magego yapishanayo kama makali ya mkasi. Taya lake hupanda na kushuka. Ng'ombe ana magego mapana yenye matuta, na taya lake huenda upande upande kama jiwe la kusagia. Nguruwe, asiyechagua sana chakula, ana magego yenye vinundu. Mfupa nao hushuhudia, kwa kuwa mahali pashikwapo na msuli wenye nguvu huinuka au kupanuka. Hivyo mnyama aliyetoweka zamani huweza kuulizwa habari ya chakula chake, naye akajibu.

Swali hilo liliulizwa Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona meno yametokeza ardhini, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini kwa homa. Likapatikana fuvu la kiumbe wa ukoo wa binadamu, lenye umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Louis alimwita Zinjanthropus, kwa jina la Zinj, ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani ya Afrika Mashariki. Magego yake yalikuwa makubwa ajabu, mifupa ya mashavu imepanuka, na utosini pana tuta la kushikia misuli ya kutafunia. Hukumu ikatoka mara: huyu alikuwa akivunja kokwa ngumu. Akapewa lakabu ya Mvunja Kokwa, nayo ikamganda kwa karibu miaka 50.

Lakini umbo la jino husema mwenyewe aliweza kula nini. Halisemi alikula nini. Shoka liwezalo kuangusha mvule huenda halijakata ila kuni za jikoni. Mwaka 2008 Peter Ungar na wenzake walitoa habari ya magego ya viumbe wa aina ile yaliyotazamwa kwa hadubini. Avunjaye vitu vigumu huachiwa vishimo katika meno. Hawa walikuwa na michirizo myepesi tu. Mwaka uo huo Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao na Marion Bamford walieleza habari ya kaboni iliyomo katika meno ya Olduvai na Peninj. Nyasi za nchi za joto, na mahindi ni miongoni mwake, huacha alama moja; miti, maharage na mihogo huacha nyingine. Zaidi ya robo tatu ya chakula cha Zinj ilikuwa na alama ya nyasi, ambayo hupatikana pia katika mafunjo ya kinamasi. Mwaka 2011 meno ya Kenya yalitoa ushahidi kama huo. Yaelekea magego yale makubwa yalisaga majani magumu kwa saa nyingi, hayakuvunja kokwa.

Mnunuzi mwenye busara wa Kabuku hangestaajabu. Ajua kwamba mbuzi aliyelishwa penye mchanga na majani makavu husagika meno mapema, akadhaniwa mzee. Kwa hiyo akiisha hesabu meno huuliza mnyama alilishwa wapi. Akikosea, hasara yake ni mbuzi mmoja. Hasara ya wengine imekuwa kubwa zaidi. Wakati wa utawala wa Wajerumani mafuvu mengi ya watu wa nchi hii yalichukuliwa hata Berlin, yakapimwa na wataalamu walioamini kuwa watu waweza kupangwa kwa vipimo vya mifupa. Mfupa haukusema uongo. Aliyeusoma ndiye aliyeharakisha.

Mfu hawezi kukata rufani. Zinj alingoja karibu nusu karne mpaka alipotokea wa kumwuliza mara ya pili, na jibu lilikuwamo kinywani mwake siku zote.