Kutoka Munyu Hadi Ruiru, Nyumba kwa Nyumba

Gari la Munyu halijai upesi, kwa hiyo tulitoka Thika jua likiwa limeshapanda. Nilifuatana na mama wa kikundi kimoja cha afya huko Gatuanyaga, mhamasishaji wa afya ya jamii, mkoba wa vifaa begani. Mikoba hiyo ilizinduliwa Septemba 2023, na wahamasishaji wapatao 100,000 nchini wakapangiwa kila mmoja nyumba kama 100 za kutembelea.

"Hodi hapa!"

"Karibu, daktari," akaitikia cucu, yaani nyanya, kutoka jikoni. Wanamwita daktari ingawa analima mahindi na maharagwe kama wao. Mama alimkalisha cucu, akamwacha apumzike kidogo, mgongo umeegemea kiti na nyayo zimekanyaga chini, ndipo akafunga mkanda wa presha. Mashine ikasoma 168 kwa 102. Hakumtisha. Aliuliza tu dawa ziliisha lini.

"Wiki iliyopita, mwanangu. Nauli ndiyo sina."

Kikundi kina mfuko wa nauli, na kila anayehudhuria mkutano hutia alichonacho. Simu moja kwa kijana wa bodaboda, na safari ya zahanati ikapangwa. Kabla ya kuondoka, mama alimvuta mjukuu, akamzungushia mkononi utepe wa kupima lishe. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hatari, kuanzia 12.5 ni kijani. Mtoto aliangukia njano. Wakazungumza kwa kirefu juu ya mayai, uji wa wimbi na maharagwe, vitu vilivyomo humo humo bomani, na tarehe ya kumpima tena ikaandikwa.

Mchana nilishuka Ruiru. Sensa ya 2019 iliukuta mji huu na watu zaidi ya 490,000, na mahali palipokuwa na mibuni sasa pamejaa ploti za kupanga. Munyu mtu anamjua jirani na ukoo wake wote. Hapa mpangaji huhama mwisho wa mwezi, na daftari la nyumba 100 huchakaa kabla halijajaa. Kikundi cha akina mama nilichokikuta kimepata njia: huwatumia makeateka wa ploti, maana hao ndio wanaojua nani amehamia na nani ana mimba, na huzunguka Jumapili alasiri watu wakiwa nyumbani.

Wanaweka pia akiba ya bima ya afya ya serikali, SHA. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima, kuanzia shilingi 3,600, na muuza mboga hawezi kuzitoa kwa mkupuo. Chama humkopesha, naye hurudisha kidogo kidogo. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko mkoba wowote. Lakini mhamasishaji mwenyewe posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na ikichelewa yeye ndiye anayekopa nauli ya kuwafikia wagonjwa. Alipwe, na alipwe tarehe iliyowekwa.