Mipira ya theluji haina kazi Kasulo

Kolwezi, Kasulo. Kila mwaka baridi ikishika, kuanzia mwezi wa sita, wauzaji wa mipira ya magari hapa mjini wanarudia maneno yale yale: "Mzee, chukua huu, ni mpira wa baridi." Mpira wenyewe ni wa okazio, umetoka Japani ama Ulaya. Meno yake ni marefu, bei yake iko chini. Mwenye gari anaubonyeza kwa kidole, anausikia laini, anafurahi. Mwezi uliopita mdogo wangu alikuwa karibu kulipa mipira minne ya namna hiyo, na gari lile ndilo lingempeleka mama yetu Lubumbashi kutibiwa macho. Ndiyo maana ninaandika.

Gari lake ni Toyota Mark X. Wakaaji wa Kasulo wanalijua vizuri. Tangu mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba zetu, vijana wengi hapa wamepitia mashimo na depo. Mwenye bahati ananunua kwanza pikipiki, halafu gari, na akipata zaidi anatafuta gari lenye mbio. Mark X ina injini ya silinda sita, ya lita 2.5 ama zaidi, na mara nyingi nguvu yake inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Limetengenezwa kwa ajili ya barabara nzuri za Japani. Likifika huku linakutana na lami yenye mashimo, vumbi jekundu na mawe ya kando ya mtaa.

Halafu kuna barabara kubwa. Kutoka Kolwezi kupitia Likasi mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 300. Malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, na kila shofere wa gari dogo anataka kuyapita. Ukitoka kupita lori, ukaona lingine linakuja mbele, kinachokuokoa ni freni. Na freni hazishiki barabara zenyewe. Kinachoshika barabara ni mipira minne, na kila mmoja unagusa lami kwa sehemu ndogo tu, karibu upana wa kiganja cha mtu.

Sasa, huo "mpira wa baridi" ni kitu gani? Ni mpira wa theluji na barafu. Wenye kuutengeneza wanachanganya mpira laini sana ili usigande baridi ikizidi. Kipimo wanachokitaja ni nyuzi 7: chini ya hapo mpira wa kawaida unaanza kuwa mgumu, na ule wa theluji unaendelea kushika. Huko kwenye theluji ni kitu cha maana kabisa. Ndugu zetu walioko Ujerumani, sheria inawakataza kuendesha kwenye theluji ama barafu bila mipira ya namna hiyo. Wengi wana seti mbili, wanabadilisha majira yakibadilika, na seti iliyochakaa inaweza kuishia kwenye kontena na kuja Afrika.

Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, ndiyo maana asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba tunavaa makoti. Lakini baridi yetu ni ya saa chache. Jua likipanda, koti linavuliwa, na saa nane mchana lami inachoma mguu. Juu ya lami ya moto, mpira wa theluji unakuwa laini kupita kiasi. Meno yake yanayumba ukikata kona, gari linachelewa kusimama, na mpira wenyewe unaliwa haraka. Kwa gari dogo la mtaani linalokwenda polepole, utapoteza makuta. Kwa gari la nguvu kwenye barabara kubwa, unaweza kupoteza watu.

Kuutambua si kazi kubwa. Uangalie ubavuni. Kama kuna picha ya mlima wenye ncha tatu na ua la theluji ndani yake, huo ni wa theluji. Ule wa Japani mara nyingi umeandikwa STUDLESS, na juu ya meno utaona mikato midogo mingi kama imepigwa na wembe. Herufi M+S peke yake haitoshi kuukataa, maana mipira mingi ya jeep nayo inabeba alama hiyo.

Halafu utafute herufi ya mbio, ile inayofuata namba za kipimo. Q ni mwisho wa kilomita 160 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Mipira mingi ya theluji ya Japani ni Q. Wanawekewa watu wanaotembea polepole juu ya barafu.

Kitu cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote: umri. Karibu na neno DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Mipira aliyoonyeshwa mdogo wangu ilikuwa ya mwaka huo. Wenye viwanda wengi wanashauri mpira ukaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na ukifika kumi uondolewe hata kama meno bado yapo. Mpira unazeeka kwa ndani, hasa ukikaa juani. Meno marefu yanaweza kumaanisha tu kwamba ulikaa miaka mingi ghalani.

Muuzaji simlaumu sana. Aliuita mpira wa baridi, na kweli ni wa baridi, ila si baridi yetu.

Lilibaki swali la janti. Mark X ya mdogo wangu ilikuja na janti za inchi 18, mipira 235/45. Ni nzuri kwa macho. Lakini tupige hesabu: 45 ni asilimia ya upana, kwa hiyo ubavu wa mpira una kimo cha milimita 106 hivi. Mark X nyingine zilitoka kiwandani na inchi 16, mipira 215/60, na ubavu wake ni milimita 129. Kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu kile kile, tofauti haifiki milimita 5, kwa hiyo kipimo cha mwendo hakidanganyi. Unachokipata ni milimita 23 za mpira na hewa kati ya shimo na janti yako. Huku kwetu hizo milimita 23 ni nyingi. Kila kwado wa Kasulo amekwisha kunyoosha janti kwa nyundo.

Mdogo wangu hakukubali mara moja. "Yaya, unataka Mark X yangu ifanane na teksi?" Tulibishana pale lupangoni mpaka mama akachoka kutusikiliza. Akasema: "Mimi ninapanda gari, sipandi janti." Maneno yakaisha.

Aliuza zile janti za 18, akatafuta za 16, akaongeza makuta, akanunua mipira minne mipya ya kawaida, ya kiangazi, yenye herufi H. Ilimgharimu zaidi ya mara mbili ya ile ya okazio. Walikwenda Lubumbashi, wakarudi. Mama anaona vizuri, na sasa analalamika kwamba nyumba ina vumbi.

Mtu asiye na makuta ya minne afanye nini? Anunue miwili mizuri, aiweke nyuma, hata kama gari lake linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza, shofere anasikia kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kabla hujajua. Na asichanganye mpira wa theluji na wa kawaida kwenye gari moja, maana freni zikikamatwa, huku watashika na kule watakataa.

Hewa nayo ni ya bure, ama karibu na bure. Kipimo cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, upande wa shofere. Umwambie kwado kilo ngapi, usimwachie akadirie. Upime asubuhi, kabla mpira haujapata moto, maana hewa inapanda na joto: nyuzi 10 zinaongeza karibu sehemu moja ya kumi ya kilo. Aliyejaza mchana wa jua kali, siku ya baridi asubuhi atakuta hewa imepungua. Na wanaopakia mifuko ya madini nyuma ya gari dogo wakumbuke kwamba kila mpira una mzigo wake. Namba iliyoandikwa kabla ya ile herufi ya mbio ndiyo inausema. 95 ni kilo 690 za uzito kwa mpira mmoja, na gari lenyewe limekwisha kuchukua sehemu kubwa.

Mvua itarudi mwezi wa kumi. Zile za kwanza ndizo mbaya, maana zinachanganya vumbi la miezi mitano na mafuta ya malori, na lami inateleza kama sabuni. Kabla ya siku hiyo, kila mwenye gari achuchumae pembeni ya magurudumu yake, asome tarakimu nne za DOT, na apime meno. Ulaya, chini ya milimita 1.6 sheria inasema mpira umekufa. Huku kwetu hakuna wa kukuambia. Utajiambia mwenyewe.