Onyo la virusi linaloomba pesa tusiliamini

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu mkafika hapa Kiambi: kwetu kompyuta moja hutumikia watu wengi. Ndani yake mna orodha za majina ya familia, barua za chifu na vyeti vya watoto. Ndiyo sababu nawaambia habari za kinga bandia ya virusi.

Nimeiona kwa jirani anayeandikia watu barua kwa umeme wa jua. Dirisha jekundu lilitokea ghafla, likadai limekuta mamia ya virusi kwa sekunde chache, kisha likaomba dola 50 ili livifute. Yeye hakuwa ameweka programu hiyo hata siku moja. Ni mwizi aliyevaa nguo za polisi.

Ujanja huu ni wa zamani. Mwaka 2008, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashitaki waliouza WinFixer na XP Antivirus. Watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamedanganywa. Mwaka 2012 mahakama ilitoa hukumu ya dola milioni 163.

Likitokea kwako, usilipe. Usitoe namba ya karata wala namba yako ya siri ya pesa za simu. Usibonyeze chochote ndani ya dirisha hilo, hata alama ya kufunga. Kata intaneti kwanza. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ufunge kivinjari. Likipotea, huenda lilikuwa ukurasa tu.

Likirudi, limekwisha ingia. Shikilia Shift unapoagiza kompyuta iwake upya, ufuate menyu mpaka hali salama, ambamo programu chache tu huamka. Tazama orodha ya programu kwa tarehe, uondoe ile usiyoijua. Halafu washa kompyuta kama kawaida, uipime yote kwa Defender, mlinzi aliyemo tayari ndani ya Windows 10. Huyo haombi pesa. Maneno ya siri yabadilishe kwenye mashine nyingine iliyo safi.

Flashi iliyochomekwa humo isipelekwe kwa mwingine kabla ya kupimwa. Na mashine ikiwa safi, nakili orodha kila juma, uiweke mbali nayo. Aliyepoteza nyumba asipoteze na jina lake kwenye orodha ya msaada.