Ahadi na Kadi

Ahadi ni deni, wazee walinena, na dawa ya deni ni kulipa. Maneno haya yalitosha kwa muda mrefu kwa sababu mdai na mdaiwa walijuana. Siku hizi kati yao imesimama kadi. Kadi hulipa kwa niaba yetu, hukumbuka tarehe kwa niaba yetu, wala haichoki. Ni mtumishi mwepesi. Lakini mtumishi huyu afungwapo, ndipo tujuapo wingi wa mizigo tuliyomtwika.

Mimi nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Mwaka jana benki ilifunga kadi yangu, kwa kuwa mtu asiyejulikana alijaribu kununua vitu kwa namba yake katika mji ambao sijaukanyaga. Ulinzi huo ulikuwa wa haki, na fedha yangu ilisalimika. Kadi mpya iliahidiwa kuja kwa posta baada ya siku saba. Walakini kadi mpya ni namba mpya, na mashine hujua namba, haijui jina.

Namba hiyo ina tarakimu 16. Za mwanzo hutambulisha aliyeitoa kadi. Ya mwisho hupatikana kwa kuhesabu zile nyingine, ili kosa la kuandika ligunduliwe mara moja. Hesabu hiyo ilibuniwa na Hans Peter Luhn, aliyeiombea hati ya uvumbuzi mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960. Ni hesabu ya akili sana. Yaweza kutambua tarakimu iliyokosewa. Haiwezi kutambua mtu mwaminifu.

Basi malipo yangu yaligawanyika mafungu mawili. Kodi ya nyumba, ambayo hutoka katika akaunti yenyewe, ilikwenda kama desturi, maana akaunti haikuguswa. Malipo yaliyofungamana na kadi yalikataliwa yote: simu, bima ya gari, na fedha nimpelekeayo mama Tanga kila mwezi kwa dawa za shinikizo la damu. Fedha ilikuwapo, na mwenye kulipa alikuwa tayari, lakini mlango kati yao ulikuwa umefungwa. Watu wa simu waliniandikia onyo na kuniongezea faini. Simu na bima nililipa kwa hundi. Fedha ya mama niliituma upya kutoka katika akaunti, na njia hiyo huchukua siku kadhaa. Maradhi hayangoji siku kadhaa.

Nilimpigia mama simu kwa hofu. Akaniambia, “Tulia, mwanangu. Dawa nimepata.” Alikuwa amekwenda kwa muuza dawa wa mtaani, akamweleza shida yake. Bwana yule alimpa dawa za siku kumi, akaandika katika daftari. Hakutaka namba yoyote. Aliuliza tu, “Mwanao huko aliko hajambo?”

Wepesi wa kusifu ya kale waweza kutupotosha hapa. Mgeni asiyejulikana angefika katika duka lile bila fedha, angeondoka mikono mitupu. Kadi humlisha mgeni mahali asipojulikana. Daftari humsaidia mwenyeji wakati asipokuwa nacho. Kila kimoja kina heri yake, na kila kimoja kina mpaka wake. Katika lugha yetu amana, imani na amani ni maneno ya mzizi mmoja, uliotoka Kiarabu. Benki ilitunza amana yangu vizuri. Imani ilikuwa kwa muuza dawa. Amani niliipata kwa hivyo viwili pamoja, si kwa kimoja peke yake.

Kadi mpya ilipofika, niliandika katika karatasi majina ya wote ninaowalipa, kiasi cha kila mmoja na tarehe yake. Simu na bima nilizirudisha katika kadi. Fedha ya mama niliihamishia katika akaunti, itoke wiki moja kabla ya haja. Mtumishi apewe kazi, lakini hesabu ya ahadi ikae kwa mwenyewe.

Deni la daftari nililipa siku ile ile fedha ilipofika Tanga, kabla ya kulipa faini ya simu. Muuza dawa hakuweka tarehe wala adhabu, na kwa sababu hiyo hasa halikufaa kungoja.