Motokari Iko Kwetu, Sisi Tuko Ugenini

Siku hizi jamaa nyingi zakaa katika nchi mbili. Baba na mama wako mbali kwa ajili ya kazi. Wazee na ndugu wamebaki nyumbani. Sisi nasi tumo katika hesabu hiyo. Twakaa Liège, katika nchi ya Ubelgiji, na motokari yetu iko Lubumbashi, katika ua wa mdogo wetu. Ndiyo inayompeleka mama hospitali, ndiyo inayotungoja tufikapo likizoni. Kila mwaka, inapofika siku ya kulipa bima, ambayo watu wa kwetu huiita asiransi, twasikia neno lilelile: «Kwa nini mlipie motokari msiyoiendesha? Asiyekuwapo na lake halipo.»

Neno hilo halikosi akili. Fedha hiyo ingenunua magunia ya unga. Lakini tuulize kwanza: bima ya lazima imewekwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mwenye motokari, wala si kwa ajili ya chuma chake. Imewekwa kwa ajili ya yule atakayeumizwa: mtoto avukaye njia, mama atokaye sokoni, mchuuzi wa makala juu ya baisikeli yake. Huyo haulizi mwenye motokari analala mji gani. Ndiyo maana nchi ya Kongo, kwa sheria ya tarehe 5 Januari 1973, ililazimisha bima hiyo kwa motokari zote zitembeazo barabarani.

Wengine hudhani kwamba bima ya Ulaya yatosha, maana mwenyewe yuko Ulaya. Sivyo. Bima hufuata motokari na nchi ilikoandikwa. Haifuati kitanda cha mwenyewe. Iko Kadi ya Kijani, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 1953, ili motokari ivukapo mpaka isihitaji bima mpya. Lakini katika Afrika nzima kadi hiyo yapokelewa Moroko na Tunisia tu. Kwetu iko Kadi ya Manjano ya COMESA, inayomfaa mtu aondokaye Lubumbashi na kupita Kasumbalesa kwenda Zambia. Lakini nayo huongezwa juu ya bima ya nyumbani. Asiye na bima ya nyumbani haipati.

Basi bima ya motokari yetu twainunua Kongo. Kwa miaka mingi shirika moja tu la serikali, SONAS, ndilo lililokuwa na ruhusa ya kuuza bima. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na tangu mwaka 2019 makampuni mengine nayo yamepata ruhusa. Sasa mtu aweza kuuliza bei hapa na pale kabla ya kutia sahihi.

Tulipokwenda kutia sahihi, karani aliandika jina letu kuwa mwendeshaji, kwa kuwa hati za motokari ni zetu. Mdogo wetu akamkatiza kwa heshima: «Hapana, bwana. Mwenye motokari ni kaka yangu, lakini mimi ndiye niendeshaye, na usiku yalala kwangu.» Karani akaandika upya. Neno hilo lilikuwa na thamani kubwa. Mapatano ya bima husimama juu ya ukweli. Mtu akificha ni nani aendeshaye, kampuni yaweza kukataa kulipa siku ya hatari.

Na siku hiyo ilifika. Jioni moja ya mvua, katika njia ya Likasi, mdogo wetu alimgonga mchuuzi wa makala. Mguu wa mtu yule ulivunjika. Nyumbani kwake watoto wanne walikuwa wakimngoja. Malipo yalichukua miezi, na safari nyingi za kwenda ofisini, lakini yalikuja. Bila karatasi ile, sisi tulio mbali tungetuma nini haraka hivyo, na yeye angekula nini?

Labda mtu atasema: «Yangu haitoki uani kabisa.» Na asikie habari ya mama mmoja wa Ureno. Kwa sababu ya ugonjwa aliacha kuendesha, akaiweka motokari uani bila bima, wala hakuifuta katika daftari ya serikali. Mnamo Novemba 2006 mwanawe aliichukua bila ruhusa, ikaacha njia. Akafa yeye na abiria wawili. Mfuko wa kuwalipa walioumizwa ukamdai mama zaidi ya euro 400,000. Tarehe 4 Septemba 2018 Mahakama ya Ulaya ilisema kwamba motokari iliyoandikwa na iwezayo kutembea lazima iwe na bima, hata mwenyewe asipotaka kuiendesha. Sheria hiyo si ya Kongo, lakini fundisho lake latufaa sote: ufunguo ukiwapo, motokari haijalala.

Basi, ninyi mlio mbali, patana na ndugu zenu ni nani alipaye na siku gani. Nakala ya hati iwe katika nyumba zote mbili. Motokari isiyotakiwa tena iuzwe, na jina lenu lifutwe. Fedha ya bima si ada ya chuma kilicholala. Ni deni letu kwa mtu tusiyemjua bado, apitaye kila siku mbele ya lango letu.